Safari za Mlimani Zisifanywe Oktoba

Wako wenzetu wasemao kwamba safari isiyo na taabu si safari, na kwamba asiyenyeshewa hana la kusimulia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, na naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nieleze kwa nini.

Sisi tunaosoma hapa Bwera tunakaa chini ya mlima ambao watu hufunga safari kutoka Ulaya na Marekani kuja kuutazama. Kilele chake kirefu, Margherita, kina meta 5,109, nacho kina theluji ingawa Ikweta iko karibu. Hata hivyo wengi wetu tumeiona theluji hiyo mara chache tu, asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaufunika mlima. Kwa hiyo safari ya shule kwenda Kasese na Kilembe ni jambo jema, wala sitaki ikomeshwe. Ninalopinga ni wakati wake.

Oktoba ni mwezi wa mvua kwetu. Kila mwenye shamba la kahawa anajua. Aprili na Mei ni vivyo hivyo. Lakini safari zetu huwekwa ama muhula wa kwanza ukikaribia kwisha, ama katika muhula wa tatu, yaani tumezilenga mvua zote mbili! Juni na Julai, miezi ambayo mvua hupungua, hutupita tukiwa tumekaa darasani.

Jambo hili si geni. Novemba 1905 Waingereza wawili, Freshfield na Mumm, walijaribu kuupanda Rwenzori, na mvua ikawarudisha. Mwaka uliofuata alikuja Luigi wa Abruzzi, mtu wa ukoo wa kifalme wa Italia, naye akasimama juu ya Margherita tarehe 18 Juni 1906. Sisemi kwamba mwezi peke yake ndio uliompandisha, maana alikuwa na wapagazi wengi na viongozi hodari. Lakini alikwenda Juni. Na Wakonzo, wenyeji wa mlima, hawakuhitaji kufundishwa na yeyote kati yao mvua hunyesha lini.

Sasa tazameni yaliyotupata Oktoba mwaka jana. Tuliondoka alfajiri tukiimba. Tulipofika karibu na Kikorongo, mahali ambapo siku njema mlima huonekana wote mkono wa kushoto, hatukuona ila ukungu. Tulipita Kasese mjini, na tulipoanza kupanda kuelekea Kilembe mvua ikatushukia. Mto Nyamwamba ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na ukisikiliza vizuri ulisikia mawe yakigongana chini ya maji. Mwalimu aliyetuongoza akaamuru gari ligeuzwe. Wengine walinung'unika, ati tumelipa fedha zetu bure. Mimi namsifu. Mto ule ulifurika tarehe 1 Mei 2013, ukaua watu, ukabomoa madaraja na nyumba na kuingia mpaka hospitali ya Kilembe. Mei 2020 ukafanya vile vile, na wagonjwa wakahamishwa. Angalieni tena ni mwezi gani.

Wakati gari likigeuka, mwenzetu mmoja wa kidato cha pili akaanza kutetemeka. Tulidhani ni baridi, kwa kuwa sote tulikuwa tumelowa. Kumbe alikuwa na homa tangu usiku wa juzi, akaificha. Tulimpeleka katika kituo cha afya, akapimwa damu, ikaonekana malaria. Tukakaa pale mpaka jioni, watu arobaini na kitu, tukila mikate iliyolowana. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu kwamba mama yake aliuza kuku ili kulipa ada ya safari, na ada hairudishwi.

Jibu hilo halinitoki kichwani. Sisi watu wa Bwera, zaidi ya wengine, twapaswa kujua hatari ya ugonjwa uliofichwa. Juni 2019 ugonjwa wa Ebola ulivuka mpaka kutoka Kongo, na mtoto wa miaka 5 akafa katika hospitali ya hapa hapa. Haukuenea katika nchi yetu kwa sababu wagonjwa walitambuliwa mapema na waliokuwa karibu nao wakafuatiliwa mmoja mmoja. Pale Mpondwe watu walisimama kwa mstari, wakanawa mikono na kupimwa joto la mwili, wala hakuna aliyecheka. Mbona basi mwanafunzi aonaye kichwa kinamwuma usiku wa kuamkia safari aogope kusema?

Naona ada ya atakayeugua irudishwe, au iwekwe kwa safari nyingine, na iandikwe hivyo kwenye barua ya wazazi. Bila hiyo, hata tukiulizwa mara kumi kama tu wazima, tutajibu kwamba tu wazima. Tena jioni ya kabla ya safari muuguzi wa shule azungumze na kila mmoja faraghani. Akituuliza mbele ya wote, hakuna atakayefungua kinywa.

Najua nitajibiwa kwamba muhula wa pili umejaa michezo na mitihani ya majaribio. Ni kweli. Lakini safari hii ni ya siku moja tu, na mchezo wa mpira waweza kuchezwa Jumamosi nyingine. Wengine wamesema hata Julai mvua hunyesha mlimani. Hunyesha, sikatai; ila mvua ya saa moja si sawa na ile inayoanza Jumatatu ikaisha Alhamisi.

Safari ya mwaka huu imekwisha andikwa kwa chaki kwenye ubao wa matangazo kwamba ni Oktoba. Muhula wa pili umebakiza majuma sita, na Jumamosi mbili kati yake hazina kitu.