Gari ya koperative inachemuka: tusimuachie shofera peke yake



Mwenye anatoka Luvungi kwenda Bukavu kwa kupitia Kamanyola anaijua Ngomo. Wakati wa mavuno yenye yamepita, gari ya koperative yetu ilisimama kule, katikati ya mupando, na mifuko 22 ya mupunga na watu 9 juu yake. Mvuke mweupe ulikuwa unatoka chini ya kapo. Mwenzetu mumoja alizani anasaidia, akashuka mpaka ku maji, akajaza bido, akarudi mbio na kuimwangia motere yote. Tulisikia mulio mudogo, kama sahani yenye inapasuka. Ilikuwa kulasi.

Kulasi, jointi yake, kazi ya garaje, na gari ya kukodi ya kumalizia safari: tulilipa zaidi ya dola 1 100. Mimi ndiye ninatunza feza ya koperative, na mbele ya hapo nilikuwa shofera kwa miaka 11. Nilirudi nyumbani, nikafungua kitabu cha mikutano. Mule imeandikwa kama shofera wetu aliomba mara mbili dola 15 ya bushoni mupya ya radiatere. Mara mbili tulimujibu: tutaona. Mukono wenye uliandika lile jibu ni wangu.

Wengi wetu tunazani bushoni ni kifuniko tu, kama cha sufuria. Hapana. Ku bahari, maji yanachemuka kwa digrii 100. Kila wakati unapanda karibu metre 300, unapoteza digrii moja. Bukavu iko karibu metre 1 500 juu ya bahari, kwa hiyo kule maji yanachemuka karibu na digrii 95. Ni kusema, gari inatoka mu joto ya bonde ya Ruzizi, inapanda na muzigo, motere inatumika kwa nguvu yote, na pale pale maji yanakuwa mepesi ya kuchemuka. Bushoni nzima inafunga presha ndani ya radiatere, na ile presha inafanya maji yaweze kupita digrii 110 bila kuchemuka. Kawuchu yake ikichoka, presha inatoka, maji yanachemuka na kumwangika, na utatafuta fasi yenye inavuja bila kuiona.

Gari yetu ni Land Cruiser HZJ75, dizeli ya litre 4.2, silindere sita. Ni motere yenye nguvu, watu wanaisifu, na wako na haki. Lakini radiatere yake imezeeka. Mu kazi yetu, pumba za mupunga, mbegu za majani na matope vinajaa kati ya vile vibati vyembamba, na upepo haupite tena. Kusafisha hakuombe feza: unangojea motere ipoe, unatia maji pole pole kutoka upande wa motere kwenda mbele. Maji ya nguvu sana yanakunja vibati, na ukianzia mbele unasukuma uchafu ndani zaidi. Na tuache kujaza maji ya muto kila siku. Yanaacha kutu na chokaa ndani. Kama feza ya likidi ya radiatere haipatikane, basi maji safi ya mvua yenye tunakinga ku mabati ni afazali, hata kama hayazuie kutu vile likidi inazuia.

Sasa niseme neno lenye litakasirisha wamekanisiye fulani. Gari ikichemuka, dawa yao ya kwanza ni kutoa termosta na kuitupa. Walitufanyia vile pia. Kwenye Land Cruiser za zamani kama yetu, termosta haifungue tu njia ya kwenda ku radiatere. Ikifunguka, inafunga pia njia fupi yenye maji yanapitia kurudi ndani ya motere. Ukiitoa, ile njia fupi inabakia wazi, na sehemu ya maji inazunguka bila kupita ku radiatere hata kidogo. Kwa hiyo ku bonde motere inakawia kupata moto na inakula mazutu, na ku mulima inachemuka zaidi. Kama unazani termosta imekufa, itie mu sufuria ya maji ku makala. Ikifunguka mbele maji hayajachemuka sana, irudishe fasi yake. Ikibakia imefungwa, nunua ingine.

Vilevile, ile duara ya plastiki yenye inazunguka vantilatere haiko pambo. Inafanya upepo uvutwe kupitia radiatere yote. Ya kwetu ilitolewa siku moja kwa kutengeneza mukanda na haikurudishwa. Nilisikia iko mu lupango fulani, kuku wanalala juu yake.

Lakini hata gari yenye imetunzwa itachoma siku moja, na pale ndipo nina neno na sisi wote, kuanzia na komite. Shofera wetu aliona mushale wa moto ku tablo ukipanda mbele ya Ngomo. Aliomba kusimama. Watu wa juu walipiga ku kabini na kulalamika kama soko itafungwa, na mumoja wa komite mwenye alikaa pembeni yake akamuambia: endesha. Kijana gani mwenye kulipwa na koperative atamukatalia mutu wa komite? Nilipokuwa shofera, mimi pia sikukatala kila mara.

Mushale ukianza kupanda, shofera sherti aingize vitesi ya chini, aache motere izunguke, juu pompi ya maji na vantilatere vinategemea muzunguko wake. Afungue shofaje ya kabini mpaka mwisho, hata kama watu wanatoka jasho, inatoa moto ku motere. Kama mushale haushuke, asimame. Asifungue bushoni mpaka mutu aweze kugusa diriti ya juu bila kuungua. Mimi niko na alama ku mukono wa kuume ya siku sikungoja. Na maji ya baridi juu ya motere ya moto, hapana kabisa. Yote hii inaweza kukamata saa moja.

Mifuko 22 ilikuwa mingi pia. Kila mufuko unapita kilo 80, na ile pikapu ilitengenezwa kwa kubeba karibu tani moja. Mupunga ulilala ku Ngomo usiku mbili na mvua. Mama mumoja wa kundi yetu alikuwa na mifuko 3 mule, alikuwa anangojea feza ya masomo ya watoto. Uliloa, akauza kwa bei ya chini, na koperative haikumulipa kitu.

Ku mukutano mukubwa wenye unakuja nitaomba tupige kura juu ya mambo matatu. Kila safari ya Bukavu itoe dola 3 kwa kisanduku cha gari, na shofera aweze kuchukua mpaka dola 20 bila kungoja komite, akileta fakitire. Pili, mifuko isipite 12. Tatu, iandikwe mu sheria zetu kama shofera akisema tunasimama, tunasimama, hata kama prezida ndiye anakaa pembeni yake. Watu wamekwisha kuniambia ile dola 3 ni feza ya mbegu. Yule mama nimemuomba aje, akae mbele.