Kuzima Huduma ili Kuiboresha

Limekuwa jambo la kawaida: tangazo hubandikwa Ijumaa alasiri kwamba mtandao utazimwa usiku kucha ili kupisha maboresho, nalo hufungwa kwa kuomba radhi. Tumezoea. Nasema hatukupaswa kuzoea.

Tutenganishe ajali na mpango. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti iliyumba Tanzania na Kenya. Ajali haina ratiba. Lakini kuongeza uwezo wa njia katika mkongo wa nyuzi za mwanga ni kazi ya kupangwa, na kilichopangwa kina mhusika.

Wahandisi walikwishalitatua. Mwaka 2011 Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) ulitoa pendekezo G.7044, linaloeleza namna ya kupanua au kupunguza njia ya data bila kukatiza huduma. Mkondo mkubwa hugawanywa katika nafasi za takriban gigabiti 1.25 kwa sekunde. Katika kupanua, kila kiungo cha njia hutenga kwanza nafasi za ziada. Vyote vikishathibitisha, ndipo kasi hupandishwa taratibu. Katika kupunguza, kasi hushushwa kwanza, kisha nafasi huachiwa. Hospitali inayotumia njia hiyo haihisi lolote.

Nitajibiwa kwamba mitambo yetu haiwezi. Huenda ni kweli, maana sharti lake ni gumu: kila kituo cha njiani lazima kiufahamu utaratibu huo. Tuseme njia inatoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Mtambo mmoja wa kale pale Dodoma unatosha kuvuruga yote. Lakini mitambo haikuota kama uyoga. Ilinunuliwa kwa zabuni, na kuna mtumishi aliyeandika vigezo. Je, sharti hili aliliandika? Na kama aliliandika, lilijaribiwa siku ya makabidhiano, au wakubwa waliridhika kuona taa za kijani zikiwaka? (Taa za kijani zimepitisha mengi katika nchi hii.)

Unafuu wa bei hubaki kwa mnunuzi. Hasara humwangukia mgonjwa anayesubiri dirishani mfumo wa malipo urudi.

Zipo kazi zinazolazimu kuzima, kama kuhamisha waya uliopitiwa na barabara mpya. Basi kila tangazo liseme ni kazi gani hasa, kwa nini haiwezekani huduma ikiendelea, na mtambo unaozuia ulinunuliwa mwaka gani.