Programu isiyo na orodha ya matoleo haijaisha

Leo sina habari za simu mpya wala za kampuni kubwa. Nataka tuongee kuhusu faili ndogo ya maandishi ambayo waandishi wa programu ninaokutana nao huku kwetu, kuanzia Kericho mjini hadi Litein na Bomet, mara nyingi hawaikabidhi pamoja na kazi: orodha ya moduli zilizotumika na toleo la kila moja. Maoni yangu ni haya, na najua yatawaudhi wenzangu: kazi isiyo na orodha hiyo haijaisha, na mwenye pesa ana haki ya kuzuia malipo ya mwisho mpaka aipate.

Kwa asiyejua, programu ya siku hizi haiandikwi na mtu mmoja. Nikiandika mistari mia tano ya Python, nyuma yake kuna makumi ya moduli za watu ambao sitawaona maishani. Kila moduli ina nambari ya toleo, na toleo jipya laweza kufanya mambo tofauti na la zamani. Mfano: pandas, ambayo wengi wetu tunaitumia kwa majedwali, iliondoa append ya DataFrame katika toleo la 2.0, Aprili 2023. Msimbo ulioandikwa kwa 1.3 ukaanza kukataa. Hapo angalau unaona hitilafu kwenye kioo na unajua pa kuanzia. Mabaya ni mabadiliko yasiyotoa hitilafu yoyote.

Kuitoa orodha yenyewe ni kazi ya sekunde tano. Unaandika pip freeze, unaelekeza majibu kwenye faili inayoitwa requirements.txt, basi. Ifanye ndani ya mazingira ya mradi wenyewe, yale yanayotengenezwa na venv, la sivyo utaorodhesha hata vitu ulivyosakinisha mwaka juzi ukijaribujaribu. Lakini wanaofika hapo hudhani wamemaliza, na hapo ndipo penye ugomvi wangu. Amri ya pip freeze haitaji toleo la Python lenyewe! Inahesabu matawi yote na kuliacha shina.

Mnaodhani hili ni jambo la vitabuni, sikieni. Mwaka jana niliitwa na kundi moja la wakulima upande wa Bomet, watu wanaopima majani mabichi pamoja kabla ya kuyauza. Programu yao ilisoma uzito kutoka kwenye mizani, ikaukadiria hadi kilo kamili kwa round, kisha ikajumlisha mwisho wa mwezi. Kompyuta ya zamani ilikufa, ikanunuliwa nyingine, fundi mwingine akaihamisha programu. Baadaye katibu wao, mwalimu mstaafu asiyeacha kitu kipite, akachukua daftari lake la karatasi na kuingiza upya vipimo vya mwezi mmoja wa zamani. Jumla ikatoka pungufu kuliko ile iliyokuwa imechapwa mwezi ule. Minong'ono ikaanza, karani wa mizani akashukiwa, na ndugu wawili waliokuwa wakipeleka majani yao pamoja wakaacha kusalimiana.

Karani hakuwa ameiba hata jani. Programu ya kwanza iliandikwa kwa Python 2, ambayo msaada wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Mashine mpya ilikuwa na Python 3. Aliyehamisha alitumia 2to3, zana iliyokuwa ikirekebisha print na mengine mengi, lakini round haikuigusa. Nayo round ilikuwa imebadilika. Katika Python 2, 12.5 hupanda kuwa 13. Katika Python 3, nusu kamili huenda kwenye nambari shufwa iliyo karibu, yaani ile inayogawanyika kwa mbili: 12.5 inakuwa 12, na 13.5 inakuwa 14.

Piga hesabu nami. Tuseme mizani inasoma kwa nusu kilo. Karibu nusu ya vipimo vitaishia kwa .5, na nusu ya hivyo vitashuka badala ya kupanda. Basi kipimo kimoja kati ya vinne kinapungua kilo nzima kikilinganishwa na zamani. Mkulima akipeleka majani mara 8 kwa mwezi, hizo ni kilo 2, na kwa mwaka kilo 24. Tuseme shilingi 25 kwa kilo: ni shilingi 600. Wakiwa wakulima 400, ni shilingi 240,000, na hakuna mwizi wa kumshika.

Tena, kusema haki, kanuni mpya haina kosa. Haiegemei upande mmoja, na ile ya zamani ndiyo iliyokuwa ikimpendelea mkulima kidogo. Lakini ya zamani ndiyo waliyoizoea na kuikubali, na hakuna mkutano ulioitwa kuibadilisha. Utaniambia pia kwamba msimbo unaogusa uzito na pesa utumie moduli ya decimal na kutaja kanuni yake waziwazi. Nakubali kabisa, na ndivyo nilivyourekebisha. Ila nilipofika pale, la kwanza nililohitaji kujua ni programu ilikuwa ikiendeshwa kwa nini hapo mwanzo, na hapakuwa na karatasi wala faili. Siku tatu zilipita mpaka nilipopata nakala ya zamani kwenye flash ya aliyekuwa mweka hazina, imechanganyika na nyimbo za kwaya. Siku tatu kwa jambo la mstari mmoja: Python 2.7.

Kinachonishangaza ni kwamba tunaishi kati ya watu wanaolielewa jambo hili kuliko sisi wenye digrii. Muulize mkulima wa hapa amepanda nini. Hatasema chai tu. Atakutajia 6/8 au 31/8, nambari za kloni kutoka kwa watafiti wa chai walioko hapahapa Kericho. Ile ya majani ya zambarau, TRFK 306, ilitolewa mwaka 2011, na haiuzwi wala kusindikwa kama 6/8 inayosifiwa kwa chai nyeusi. Mche unakaa shambani miaka na miaka. Anayenunua miche bila kuuliza nambari atachekwa na majirani, lakini mtu huyohuyo tunamuuzia programu bila kumwambia imepandwa nini ndani!

Iko sababu nyingine, ya umeme na bando. Ukiandika pip install bila toleo, unaletewa jipya kabisa linalokubaliana na Python yako, pengine mamia ya megabaiti, nawe uko Mogogosiek ukiinua simu juu kutafuta mtandao. Ukiwa na orodha, unakaa mjini, unaandika pip download, unaweka kila kitu kwenye flash. Ukifika kituoni unasakinisha kwa --no-index na --find-links bila intaneti hata kidogo. Hakikisha tu aina ya mashine na toleo la Python ni yaleyale, la sivyo umebeba mawe.

Wapo wanaosema kufungia matoleo kunaiacha programu izeeke pamoja na matundu yake ya usalama. Ni kweli, ukifungia ukasahau. Lakini kumbukeni Desemba 2021, tundu la Log4j lilipotangazwa. Kiraka kilitoka upesi. Kilichowakesha watu dunia nzima ni swali la kama wanayo Log4j, iko wapi, na ni toleo gani. Asiye na orodha hawezi kujua hata kilichozeeka. Siku hizi pip-audit inasoma requirements.txt yako na kukutajia matoleo yenye matundu yanayojulikana, lakini sharti uwe na cha kuisomesha. Wa Docker nao nawasikia. Sina neno, ila mweka hazina hawezi kuifungua Docker kwenye mkutano wa mwaka.

Mimi natoa karatasi moja: toleo la Python, mfumo endeshi, hifadhidata, kisha pip freeze yote. Nakala moja inakaa na msimbo, nyingine inachapwa na kuingia kwenye faili ya katibu pamoja na mkataba. Na chini ya kila taarifa ya mwezi, kwa herufi ndogo, programu inachapa toleo lake yenyewe na la Python kupitia sys.version, na ya moduli kupitia importlib.metadata, ambayo huja na Python tangu 3.8. Haizidi mistari kumi ya msimbo. Mzee mmoja aliniuliza nambari hizo ni za nini. Nikamjibu, mzee wangu, ni kama jina la karani kwenye risiti: kilo zisipolingana, unajua wa kuuliza. Akasema basi ziandikwe kwa herufi kubwa zaidi, macho yake si ya jana. Nimeziongeza ukubwa.