Saa Isemayo Uongo

Msomaji, kwetu saa moja ya asubuhi huitwa hivyo kwa sababu jua limekwisha kuchomoza yapata saa nzima. Jua hutangulia, saa hufuata. Uingereza mambo yamepinduliwa. Usiku wa kuamkia Jumapili ya mwisho ya Machi, itimiapo saa saba, mishale ya saa husogezwa mpaka saa nane; Oktoba hurudishwa nyuma. Saa iliyotoweka haikuibwa wala haikupotea baharini. Imefutwa kwa sheria.

Aliyelipigania sana shauri hili alikuwa mjenzi wa nyumba, William Willett. Kila alipopanda farasi asubuhi za kiangazi aliudhika kuona madirisha yamefungwa, hali jua limekwisha kupanda. Mwaka 1907 akatoa kijitabu kulalamikia mwanga unaopotea bure. Nakubali kuwa kiangazi cha huko jua huwahi mno. Lakini kama watu wamelala kupita kiasi, si waambiwe waamke? Willett alitaka saa iseme uongo, ili mlalaji aamke mapema pasipo kujijua! Alifariki mwaka 1915. Mwaka uliofuata, katika vita, Ujerumani iligeuza saa ili kupunguza matumizi ya makaa ya mawe, na Uingereza ikaiga baada ya wiki chache. Vita vilikwisha, Uingereza ikaendelea na uongo wake.

Utaniuliza, saa moja tu ina madhara gani? Mwulize mfugaji: ng'ombe hana habari ya sheria, na kiwele hakingoji mshale. Au fikiri mapacha wazaliwao London usiku ule wa Oktoba. Kurwa azaliwa saa saba na dakika hamsini. Saa nane yatimia, mishale yarudishwa saa saba, na Doto azaliwa saa saba na dakika kumi. Kwa maandishi, Doto ndiye mkubwa!

Hayo twaweza kuyacheka. Usingizi uliokatwa hauchekeshi. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2020 juu ya barabara za Marekani ulionyesha kuwa, katika wiki ya baada ya saa kusogezwa mbele, ajali za magari zenye kuua huzidi kwa kadiri ya 6 kwa mia. Mikono ya dereva i usukanini, akili yake ingali kitandani.

Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilipiga kura desturi hii ikomeshwe mwaka 2021. Mwaka huo ulifika. Saa ziligeuzwa Machi, zikageuzwa tena Oktoba.