Si Bunduki Zilizompa Semboja Usambara

Mwandishi mwenzetu anadai kuwa bunduki ndizo zilizompa Semboja nguvu juu ya milima ya Usambara baada ya baba yake, mfalme Kimweri ye Nyumbai, kufariki mwaka 1862. Hapana. Gobore hujazwa upya kwa kila mlio: baruti, kisha gololi ya risasi, ikashindiliwa kwa mdeki. Gololi si kazi. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 tu. Kwa moto wa mkaa na kalibu, hata huku Rangwi mtu angejimiminia. Baruti je? Hiyo ililetwa na wafanyabiashara wa pwani, na misafara yao ilipita tambarare, Mazinde, mlangoni kwa Semboja. Vugha, mji mkuu wa milimani, ilibaki na heshima ya ufalme, bila njia. Mwandishi atazame ramani kwanza, ndipo ahesabu bunduki.