Mwanamke Ashukaye Mlowo Usiku

Yamesemwa mengi juu ya usalama wa wanawake wageni watembeao peke yao katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Ni haki yasemwe. Mgeni yule ana ramani, ana mwongozaji, tena hoteli yake inaijua saa ya kufika kwake. Lakini yuko mwanamke mwingine asafiriye peke yake, ambaye habari zake hazimo katika vitabu vya watalii. Huyo ni mwalimu aendaye kazini Kamsamba, au mama afuataye mahindi na maharage, naye hushuka Mlowo.

Waijuao barabara kuu ya Tanzania na Zambia wanaujua mji huo. Umo katika Wilaya ya Mbozi, kabla hujafika Vwawa, makao makuu ya Mkoa wa Songwe ulioundwa mwaka 2016. Malori yaendayo Tunduma huupita usiku na mchana, na hapo ndipo ichepukapo njia ya Kamsamba, safari ya zaidi ya kilomita 100. Basi lililoondoka Dar es Salaam alfajiri hufika hapo giza limekwisha kuingia. Na tangu mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, mwaka 2023, wako pia abiria wanaoshushwa usiku wa manane, nao hawana budi kungoja kuche ndipo wapate gari la kuendelea.

Na tumfikirie ndugu huyo. Kondakta amemshushia begi kando ya lami, kwa kuwa dereva hataki kupoteza dakika tano kuingia stendi. Vijana watatu wa bodaboda wamemzunguka, kila mmoja akisema aijua gesti nzuri. Yumkini wote ni waaminifu. Yeye hana njia ya kulijua hilo.

Dawa ambayo wengi wetu huitoa ni shauri jepesi: mwanamke asisafiri peke yake. Shauri hilo halina maana kwa mtumishi wa umma. Barua ya kupangiwa kazi huandikwa jina moja tu, wala haimlipii nauli kaka wa kumsindikiza. Ubaya zaidi ni kwamba shauri hilo ndilo lizaalo swali ambalo mwenye kudhuriwa huulizwa kabla hajapewa hata kiti: alifuata nini usiku ule? Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 haikuweka saa ambayo baada yake mwanamke hukosa ulinzi. Madawati ya Jinsia na Watoto katika vituo vya polisi yaliwekwa ili swali la namna hiyo lisiulizwe, na afisa aliulizaye hajaielewa kazi yake.

Wala hatuombi mambo mageni. Katika treni ya abiria ya TAZARA, reli ipitayo Mbozi hiyo hiyo, vyumba vya kulala viligawanywa, wanawake kwao na wanaume kwao. Hakuna aliyeona kwamba ni upendeleo; ulikuwa ni mpango tu wa mtu aliyekaa akaifikiria safari. Ni shida gani basi kwa mkata tiketi wa basi la usiku kumpa msafiri mwanamke kiti kando ya mwanamke mwenziwe?

Halmashauri nazo hutoza ushuru katika stendi zake. Mlipa ushuru anayo haki ya kudai taa inayowaka, choo chenye komeo, na chumba cha kungojea kisichofungwa magharibi. Bodaboda wa stendi wavae namba zisomekazo gizani, na daftari la wageni katika gesti liandikwe kweli, si siku ya ukaguzi tu.

Hata hivyo mzigo mkubwa zaidi ni wa mwajiri. Mwalimu mgeni hupokewa kwa muhuri saa za kazi, na usiku uliotangulia muhuri huo hauna mwenyewe. Ajira mpya zitakapotangazwa, Afisa Elimu Kata anaweza kupewa jina la ajaye, simu yake na siku ya safari yake, naye akamwomba mwalimu mmoja wa kike aishiye Mlowo ampokee stendi na kumlaza hadi asubuhi. Gharama yake ni muda wa maongezi wa simu moja, na chakula cha jioni ambacho mwenyeji wa Mbozi hatakubali kulipwa.