Mpaka Walichora Wao, Ushahidi Atoe Mbajuni?



Hebu jiulize: leo ukipoteza kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, simu, kila kitu, utathibitisha vipi kwamba wewe ni mtu wa Lamu? Utabaki na mdomo wako tu. Sasa fikiria mdomo huohuo ndio ukufunge.

Yaliwakuta Wabajuni wa Somalia walioomba hifadhi Uingereza. Watu wa visiwa vya kusini mwa Kismayo: Koyama, Chovai, Chula. Serikali yao iliporomoka 1991. Cheti wakakitafute ofisi gani? Basi wakahojiwa kwa simu, na mchambuzi wa lugha asiyetajwa jina akaamua wametoka wapi. Wengine wakaambiwa: Kiswahili chako ni cha Kenya, wewe si Msomali. Wengine wakaulizwa mbona hawajui Kisomali.

Jamani! Mbajuni wa Koyama na Mbajuni wa Faza ni damu moja. Wanaoleana, wanavua bahari moja. Na vita vilipowafukuza, wengi walikimbilia huku kwetu, wakaishi kambi ya Jomvu, Mombasa. Mtoto aliyekulia Jomvu ataongea kama nani? Kukimbia ndiko kulikobadilisha lugha yake, halafu lugha hiyo ndiyo inatumiwa kusema hakukimbia!

Na huo mpaka aliuchora nani? Pwani ya Lamu hadi Kismayo yote ilikuwa chini ya Mwingereza. Mwaka 1925 akaikabidhi Italia Jubaland. Hakumuuliza Mbajuni. Leo anataka mstari wake usikike kwenye ulimi wa mvuvi.

Hatusemi watu wasiulizwe maswali. Waulizwe. Lakini mwongozo wa UNHCR uko wazi: kazi ya kutafuta ukweli ni ya mwombaji na afisa pamoja, kwa sababu mtu anayekimbia kifo habebi faili. Hata Mahakama ya Juu ya Uingereza, mwaka 2014, iliwaonya wachambuzi hao wasivuke mipaka ya utaalamu wao.

Kwa hivyo kama una jamaa aliyekataliwa, mwambie asinyamaze. Adai nakala ya ripoti na rekodi ya mahojiano. Atafute wakili. Aeleze kila mahali alipoishi na kwa miaka mingapi, maana hapo ndipo lugha yake inapoeleweka.

Na wewe unayesema "hao ni Wakenya waongo tu", umewahi kumsikiliza hata mmoja?